Bahasha kwanza, jezi baadaye: jinsi ya kujua kijana wako anaruhusiwa kuchezea taifa gani

Hapa Kigoma mtoto akipiga chenga mbili mfululizo, watu wa pembeni hawaulizi anacheza namba ngapi. Wanauliza, "Huyo wa wapi?" Na swali hilo lina majibu mengi kuliko mtu wa mbali anavyodhani. Ujiji yetu ina Wamanyema ambao babu zao walivuka ziwa enzi za misafara ya pembe za ndovu. Ina Wabembe. Ina Waha ambao wakifika Manyovu mpakani wanaongea na Warundi bila mkalimani. Kuna vijana waliozaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi, na hawajawahi kuiona nchi iliyoandikwa kwenye kadi zao. Kisha siku moja anashuka mtu kutoka Dar, anampenda winga wako, anakuvuta pembeni: "Katibu, huyu ni Mtanzania?"

Katibu ni mimi. Mwaka wa kumi na tatu huu nashika daftari la timu ya vijana hapa Ujiji, kazi isiyo na mshahara wala posho. Asubuhi nauza dagaa na migebuka Kibirizi, jioni natunza bahasha zenye nyaraka za watoto wa watu. Naandika kwa walimu wa michezo, makocha wa mtaani na wazazi wenye mtoto mwenye kipaji na historia ndefu. Ule ubishi wa kama timu ya taifa ichukue waliozaliwa nje nitaufikia, maana na mimi mdomo ninao. Kwanza tufanye kazi.

Anza na mama, fomu baadaye

Usimuulize kijana. Kijana atakujibu alivyofundishwa kujibu. Nenda kwa mama yake jioni, akishafunga biashara, kaa kwenye kigoda, ukikaribishwa ugali wa muhogo kula. Halafu fungua daftari. Mtoto alizaliwa wapi, zahanati gani au mikononi mwa mkunga gani? Baba yake alizaliwa wapi? Mama mwenyewe je? Babu na bibi wa pande zote mbili, wote wanne, kila mmoja alizaliwa wapi? Mtoto ameishi wapi, na alifika hapo akiwa na umri gani? Ana pasi au kitambulisho cha nchi yoyote? Ameshawahi kuvaa jezi ya taifa lolote, hata la watoto, hata kwenye soka la ufukweni?

Hilo la babu na bibi watu hulicheka. Usiliruke. Utaona mbele kwamba mahali alipozaliwa bibi yako panaweza kukupa jezi.

Kisha omba uione kadi ya kliniki. Akina mama wengi wa huku wamepoteza kila kitu isipokuwa hiyo. Itatolewa chini ya godoro au ndani ya kopo, imekunjwa mara nne, ina doa la mawese pembeni, uzito wa mtoto umeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia na jina la kituo liko juu kabisa. Usiichukue. Ipige picha pande zote mbili, mrudishie palepale akiona.

Nasisitiza haya kwa sababu niliwahi kuharibu. Tulikuwa na winga wa kushoto, nimwite Namba Kumi na Moja, jina lake si la kuandikwa hapa. Mama yake alikuwa na meza ya mawese sokoni Mwanga, Mkongo wa upande wa Fizi, hakuficha lakini pia hakutangaza. Kijana akaitwa kwenye majaribio ya vijana Dar es Salaam. Fomu ikaja, ina nafasi ya mahali pa kuzaliwa. Nikamuuliza mama huku nikiwa na haraka ya kupanda daladala. Akasema, "We andika hapa hapa tu, Katibu." Nikaandika Ujiji. Nilidhani namsaidia. Kila mtu alijua kijana amekulia Ujiji, nani angeuliza?

Aliulizwa. Ilipofika zamu ya pasi ya kusafiria, afisa akamkalisha, akamuuliza kwa upole tu: darasa la kwanza ulisoma wapi, mwenyekiti wa mtaa wenu alikuwa nani, baba yako kazikwa wapi? Kijana ana miaka kumi na sita, hajui kudanganya vizuri, akasema amezaliwa Nyarugusu. Fomu inasema Ujiji. Faili likafungwa, timu ikasafiri bila yeye.

Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki mbili baadaye, nilipokwenda kukaa na yule mama kama nilivyopaswa kukaa tangu mwanzo. Baba wa kijana alikuwa Muha wa kijiji kimoja cha Kasulu, Mtanzania kwa baba na kwa mama, alikuwa akifanya vibarua karibu na kambi. Yaani kijana alizaliwa ndani ya Tanzania na baba Mtanzania. Ukweli wenyewe ulikuwa unamtosha, mimi nikauzika chini ya uongo mdogo. Tulimtafuta baba yake mkubwa kijijini, tukapata barua ya mtendaji wa kijiji, kiapo mbele ya hakimu, ile kadi ya kliniki, tukaomba RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, cheti cha waliochelewa kusajiliwa. Kazi ya karibu mwaka mzima, na nauli za Kasulu zilitoka kwenye dagaa zangu.

Uraia ni kitu kimoja, ruhusa ya FIFA ni kingine

Hapa ndipo vijiwe vyote vinapoteleza. Mtu anasema, "Ana pasi, acheze." Mwingine anasema, "Kazaliwa hapa, acheze." Wote wawili wamebeba nusu ya mzigo.

Uraia unatolewa na nchi. Kwetu, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inajua njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa. Mtoto aliyezaliwa nchini na mzazi mmojawapo Mtanzania hana shida, awe amezaliwa hospitali ya Maweni, kambini au kwenye mtumbwi. Aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania anarithi. Lakini mtoto wa wazazi wote wakimbizi, kuzaliwa kwake kambini hakumfanyi Mtanzania kwa namna mambo yanavyokwenda, hata kama Kiswahili chake kinakuzidi wewe. Njia inayombakia ni tajnisi: mtu mzima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hapo jumla ya miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, kisha Waziri wa Mambo ya Ndani akubali. Kuna waliopata kwa mkupuo. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa lile wimbi la wakimbizi la 1972, wale wa Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo. Kwa hiyo ukimpata kiungo mzuri kutoka Ulyankulu, usikimbilie kumwita mkimbizi. Muulize kama wazazi wake wana cheti cha uraia. Huenda yeye ni Mtanzania kuliko wewe unayebisha.

Na kumbuka mtu mzima wa Tanzania haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Akiwa mtoto anaweza kuwa nao, akifika miaka 18 sheria inamtaka achague. Burundi wao wanaruhusu, Congo katiba yao haitaki. Mzazi ajue hili mapema, kabla mtoto hajapelekwa Ulaya akapewa pasi ya huko kwa furaha.

Sasa FIFA. Wao wanaanza na uraia wa kudumu, usiotegemea kibali cha kuishi. Mwenye uraia huo kwa kuzaliwa au kwa damu, njia iko wazi. Aliyeupata baadaye anaulizwa nyongeza: kuna kitu gani kinakufunga na nchi hii? Awe amezaliwa huko, au mama au baba mzazi alizaliwa huko, au babu au bibi alizaliwa huko. Unaona sasa kwa nini niliuliza wote wanne. Akikosa vyote, basi awe ameishi huko: miaka mitano kwa aliyehamia akiwa mtu mzima, na mitatu kwa aliyefika kabla ya kutimiza miaka 10.

Sharti hili halikuwepo zamani kwa ukali huu. Mwaka 2004 Qatar ilitaka kuwapa uraia Wabrazili waliokuwa wakitamba Ujerumani, Ailton mmojawapo, watu wasio na bibi wala shangazi Doha. FIFA ikashtuka, ikaweka kwanza miaka miwili ya kuishi, na 2008 ikapandisha hadi mitano.

Hesabu mechi zake

Mechi ya kirafiki haikufungi. Wilfried Zaha, mzaliwa wa Abidjan aliyepelekwa London akiwa na miaka minne, aliichezea Uingereza mechi mbili za kirafiki, kisha akaenda kwao Ivory Coast. Declan Rice aliichezea Ireland tatu za kirafiki mwaka 2018, mwaka uliofuata akawa wa Uingereza.

Mechi ya mashindano ni habari nyingine. Munir El Haddadi aliingizwa na Hispania dakika chache tu dhidi ya Macedonia mwaka 2014, mechi ya kufuzu Euro. Dakika hizo zilimzuia kuichezea Morocco kwa miaka, akafika hadi mahakama ya michezo na kushindwa. Aliokolewa na mabadiliko ya FIFA ya Septemba 2020. Tangu hapo, aliyecheza timu ya wakubwa anaweza kuhama kama hakuzidi mechi tatu, zote kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka mitatu tangu ya mwisho, hajacheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara kama AFCON, na siku ile ya kwanza alipovaa jezi ya zamani alikuwa tayari na uraia wa nchi anayoitaka sasa. Kwa timu za vijana mlango ni mpana zaidi. Lakini kuhama ni mara moja, na lazima kuombwe. Ombi linapelekwa FIFA kupitia shirikisho, kwa upande wetu TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na mpaka jibu lije kijana hachezei timu yoyote ya taifa.

Usione hilo la kuomba kama urasimu. Emilio Nsue, mzaliwa wa Hispania, aliichezea Equatorial Guinea zaidi ya miaka kumi na akawa mfungaji bora wa AFCON ile ya Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Miezi michache baadaye FIFA ikasema alichezea Hispania ya vijana na uhamisho wake haukuwahi kuidhinishwa. Ushindi wao dhidi ya Namibia na Liberia, mechi za kufuzu Kombe la Dunia, ukageuzwa kuwa vipigo vya 3-0. Miaka kumi, na hakuna katibu aliyefungua bahasha!

Usipake rangi karatasi

Atakuja mtu. Anakuja kila mara, ana simu mbili na kalamu kwenye mfuko wa shati, anakwambia cheti "kinapatikana". Mwambie aende. Septemba 2025 FIFA iliwafungia miezi 12 wachezaji saba waliozaliwa nje ambao Malaysia iliwatumia, baada ya kukuta vyeti vya babu na bibi zao vimeandikwa kwamba walizaliwa Malaysia, wakati vyeti vya asili vilionesha Argentina, Brazil, Hispania na Uholanzi. Limenaswa shirikisho zima lenye wanasheria. Wewe na mimi tuna stempu ya timu iliyokauka wino.

Ndani ya bahasha nataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mzazi, ya kijana pia akishafika umri wake, cheti cha kumaliza shule ya msingi, picha za kadi ya kliniki, na karatasi moja ya daftari yenye yale majibu ya mama, imewekwa tarehe na sahihi yake au dole gumba. Kama baba ni marehemu, nani anaweza kusimama kumshuhudia, na anakaa wapi. Bahasha ya kaki inauzwa bei ya andazi. Nunua.

Jinsi ya kujibu kijiwe

Sasa ule ubishi. Pale stendi ya Mwanga kuna kahawa inayonywewa na wataalamu wa soka wasiopungua ishirini, na Januari 2025 walinimaliza masikio. Wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Mghana, Muivory Coast na Mguinea, walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Nusu ya kijiwe ikasema nchi imeuzwa, nusu ikashaanza kuwapanga kwenye kikosi.

Ushauri wangu ukibishana: watenganishe watu watatu ambao kijiwe huwachanganya kwenye kikombe kimoja. Kuna mtoto wa hapa aliyekosa karatasi. Kuna mtoto wetu aliyezaliwa ng'ambo. Na kuna mchezaji aliyekuja na mkataba.

Huyu wa tatu namheshimu, lakini asubiri. Uraia anaweza kuupata hata kesho, ila bila mzazi wala bibi wa hapa, miaka mitano ya FIFA iko palepale, na mimi naiona ni ya haki. Aishi, apandishiwe bei ya mkaa kama sisi, akibaki baada ya hapo tumpigie makofi. Ukimharakisha unamnyima kijana wa Gungu namba kwa ajili ya mtu ambaye dirisha la usajili likifunguka hayupo.

Wa pili, sioni hata cha kubishania. Haji Mnoga alizaliwa Portsmouth, Tarryn Allarakhia naye ni mzaliwa wa Uingereza, wameivaa Taifa Stars na hakuna mvua iliyokataa kunyesha. Morocco ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 ikiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje. Hakimi ni mzaliwa wa Madrid. Ukiwakataa hawa, wenzako watawachukua. Yussuf Poulsen baba yake alikuwa Mtanzania wa Tanga, mtoto akazaliwa Copenhagen, akafunga bao la Denmark Kombe la Dunia 2018. Pale kahawani walishangilia "mtoto wetu" mpaka vikombe vikamwagika.

Wa kwanza ndiye anayenifanya nipaze sauti. Watu walewale wanaomwita kijana wa Nyarugusu "mkimbizi" wana picha ya Camavinga kwenye simu, mtoto wa Wakongo aliyezaliwa kambini Angola, leo Mfaransa. Wanampenda Alphonso Davies wa Canada, aliyezaliwa kambi ya Buduburam, Ghana, kwa wazazi Waliberia. Awer Mabil alizaliwa Kakuma, Kenya, wazazi wa Sudan Kusini. Juni 2022 alipiga moja ya penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia. Hao walipata nchi iliyowapokea na kuwapa karatasi. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, watoto wake wa kwanza ni watu wazima sasa. Hesabu mwenyewe mawinga wangapi wamepita mlemle bila mtu kuwafungulia bahasha. Hapa kwetu Kibu Denis, mshambuliaji aliyekuja kuichezea Taifa Stars, alipewa uraia mwaka 2021, kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

Mwisho, mwache achague

Ikitokea kijana ana milango miwili, usimchagulie. Muoneshe tu kila mlango unakwenda wapi na upi ukifungwa haufunguki tena. Iñaki na Nico Williams ni mama mmoja baba mmoja, wazazi Waghana: mkubwa kaenda Ghana, mdogo Hispania, na sikukuu wanakula pamoja. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto, akachezea vijana wao, akarudi 2018 kuichezea Burundi na kwenda nayo AFCON ya kwanza ya historia yao. Siku walipocheza huko, Kibirizi ilijaa watu walioshangilia Burundi kwa Kiha, na hakuna aliyeulizwa kitambulisho.

Namba Kumi na Moja hakufika Taifa Stars. Goti. Anacheza mechi za mtaa Jumapili na siku nyingine anaendesha bodaboda kati ya Ujiji na Mwandiga. Juzi alisimamisha pikipiki mbele ya meza yangu ya dagaa, akatoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni: cheti cha kuzaliwa cha binti yake, wiki sita. Akaweka kidole kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa, akasubiri nisome kwa sauti. Nikasoma. Akauliza kama naweza kumfungulia bahasha. Nikamwambia timu yetu ya wasichana haijaanza kusajili wasiotembea. Akabaki amesimama tu, pikipiki inaunguruma, mpaka nikafuta mikono kwenye kanga na kutafuta kalamu.